Kabla hujanunua paneli ya jua, hesabu usiku wako

Wateja wengi wanaofika kwangu hapa Kasese mjini, magharibi mwa Uganda, huja na swali moja: "Fundi, paneli ya wati ngapi itatosha nyumba yangu?" Sina jibu la swali hilo. Umeme unaliwa na watu waliomo ndani, tena sehemu kubwa wanaula usiku, jua limeshazama. Kwa hiyo ukija, njoo na daftari. Keti na wa nyumbani kwako, mwandike kila kitu kitakachowashwa, wati zake na saa zake. Wati zimeandikwa kwenye kifaa chenyewe, nyuma au chini. Zidisha wati kwa saa, upate wati-saa za siku.

Chukua mfano wa mwalimu mmoja wa Bwera niliyempangia: vyumba vitatu, sebule, jiko la nje na choo. Sebuleni taa ya wati 9 kwa saa 5, hiyo ni 45. Vyumbani taa tatu za wati 5 kwa saa 2, jumla 30. Jikoni wati 7 kwa saa 3, 21. Chooni tuweke 3. Taa ya nje ya ulinzi ni wati 5 tu, lakini inawaka kwa saa 11, kwa hiyo inakula 55. Mwalimu alishangaa kuona kataa kale ka nje kanaipita taa ya sebule. Hapo ndipo daftari linapoanza kukulipa: ukiweka taa inayojiwasha mtu akipita, karibu zote hizo 55 unaziokoa.

Tuliiacha kama ilivyo, tukaendelea. Televisheni ya wati 45 kwa saa 4, 180. Dekoda yake wati 15, 60. Simu nne, 80. Redio wati 8 kwa saa 6, 48. Kompyuta ya mkononi ya kuandikia maswali ya mtihani, wati 60 kwa saa 2, 120. Jumla 642.

"Na pasi, fundi?"

"Pasi ibaki ya makaa, mwalimu."

Pasi ya wati 1000 kwa nusu saa tu ni 500, inakaribia kuongeza matumizi ya nyumba mara mbili. Birika la umeme na koili ya kupikia ndiyo usizitaje kabisa. Kitu chochote cha kutengeneza joto kiondoe kwenye orodha. Kama una Yaka, yaani umeme wa gridi wa kulipia kabla, kipeleke Yaka. Friji ni habari nyingine. Ndogo ya kisasa inaweza kwenda na wati-saa 600 hadi 800 kwa siku, kwa hiyo inawezekana, ila ujue unanunua mfumo wa pili juu ya ule wa kwanza.

Sasa paneli. Njiani umeme unapungua, kwenye betri, nyaya na joto, kwa hiyo ongeza robo: 642 inakuwa kama 800. Gawa kwa saa za jua kamili, yaani saa za siku ambazo jua linapiga kwa nguvu yake yote. Kiangazi huku kwetu unaweza kuhesabu 5, lakini mimi nagawa kwa 4, kwa sababu nyumba inataka taa Aprili na Novemba pia, mvua inapokaa. 800 kwa 4 ni paneli ya wati 200. Muuzaji akikugawia kwa 6 ili bei ionekane nzuri, mshukuru na uondoke.

Betri ndiyo inayokula pesa. Mwalimu alitaka usiku mmoja na akiba ya siku moja ya mawingu mazito, karibu wati-saa 1000. Betri ya jeli usiishushe chini ya nusu mara kwa mara, itakufa mapema. Kwa hiyo angehitaji ya volti 12 ampea-saa 200: 12 kwa 200 ni wati-saa 2400, nusu yake 1200. Ya lithiamu unaweza kutumia hadi asilimia 80 bila wasiwasi, kwa hiyo ya ampea-saa 100 ingemtosha. Lithiamu ni ghali siku ya kununua, lakini kwa anayeitumia kila usiku mimi naipendekeza. Hakikisha tu kontrola, kile kifaa kinachoongoza umeme wa paneli kuingia kwenye betri, ina mpangilio wa lithiamu. Kwa paneli ile ya 200, kontrola ya ampea 20 inatosha. Betri yoyote iwe kivulini, penye hewa, mbali na chumba cha kulala, na fyuzi yake iwe karibu nayo kabisa.

Inveta, ile inayogeuza umeme wa betri uwe kama wa gridi, watu wanaipenda kubwa. Wasichojua ni kwamba inakula hata ikiwa haijachomekwa kitu. Inayokula wati 10 peke yake, ukiiacha saa 24, imemaliza 240, sawa na televisheni na dekoda ya mwalimu zikiwa pamoja, maana hizo ni 240 zikiwa kazini na watu wanatazama. Taa zote ziende moja kwa moja kwenye volti 12, inveta iwashwe ya kompyuta na televisheni, kisha izimwe.

Juu ya paa, achana na vitabu vya Ulaya vinavyosema paneli itazame kusini. Sisi tuko kwenye ikweta. Juni jua la mchana liko upande wa kaskazini, Desemba liko kusini, kwa hiyo mwembe ambao leo haukusumbui unaweza kukufunika baada ya miezi sita. Kagua pande zote mbili kabla ya kutoboa mabati. Tawi moja likifunika pembe ya paneli linaweza kuangusha theluthi ya nguvu yake au zaidi. Mwinamo wa nyuzi 10 hadi 15 unatosha, maji ya mvua yaoshe vumbi. Kwa nyumba zilizo chini ya Rwenzori kama Kilembe, mlima na mawingu yake hulificha jua la jioni mapema, kwa hiyo naziinamisha mashariki zikamate asubuhi. Acha upenyo wa sentimita 10 hivi kati ya paneli na bati; paneli ikichemka inatoa kidogo. Hima, kwenye vumbi la saruji, panda ufute kwa maji na kitambaa laini. Katwe chumvi inakula viungo vya nyaya, vipake grisi.

Nyaya zinadharauliwa. Kutoka paa hadi kontrola mita 10, ampea 11 zikipita: waya wa milimita za mraba 2.5 unapoteza wati 17 hivi njiani, karibu sawa na taa mbili za sebule. Wa 6 unapoteza 7. Nunua wa 6, wa shaba kweli. Kwangua ncha kwa kisu uone kama ndani ni nyeupe; ikiwa nyeupe, si shaba kweli.

Na paneli za uongo zipo. Nyuma kuna kibandiko: zidisha Vmp (volti paneli ikiwa kwenye nguvu yake ya juu) kwa Imp (ampea zake hapo hapo), lazima upate wati zilizoandikwa mbele. Volti 18 kwa ampea 5.6 ni 100, sawa. Halafu mwambie muuzaji aitoe nje saa sita mchana na mita ya kupimia ampea. Paneli ya 100 ikiunganishwa nyaya zake mbili kwenye mita, jua likiwa kali, isome karibu na ampea 6. Ikisoma 3 umeuziwa ya 50 kwa karatasi ya 100.

Fundi naye umuulize kibali chake cha ERA, mamlaka ya kudhibiti umeme Uganda, kabla hajapanda ngazi, na akuwekee waya wa ardhini, kwa sababu radi za huku unazijua. Usimmalizie pesa siku hiyo hiyo. Washeni taa zote na televisheni saa mbili usiku, apime volti kwenye betri, kisha kwenye taa ya mbali kuliko zote. Tofauti ikizidi nusu volti, kuna waya mwembamba au kiungo kilicholegea mahali. Akitafute wewe ukiwa umesimama hapo.