Kuvua nguru msimu wa baridi kwa boti ya kukodi

Bahari ya joto nayo ina baridi yake. Maji yakipoa nyuzijoto mbili tatu tu, dagaa na vibua husogea, na nguru huwafuata. Nguru hutulia zaidi kwenye maji ya nyuzi 20 Selsiasi kwenda juu, kwa hiyo kipimajoto cha boti kina maana kuliko mahali palipotoa samaki wiki iliyopita. Hatua zifuatazo ni za safari ya nusu siku au siku nzima, kwenye kina cha mita 15 hadi 40, kwa chambo hai.

1. Chagua siku kwanza, boti baadaye

Hewa baridi inapokaribia, kanieneo ya hewa hushuka na samaki mara nyingi hula kwa pupa siku moja kabla. Ikishapita, upepo hukaza kwa siku mbili au tatu, bahari huchafuka na maji ya kina kifupi hupoa haraka. Usitoke siku ya kwanza baada yake hata kama jua linawaka. Mbingu safi haina maana kwamba maji yametulia.

Kabla ya kutoa arubuni, muulize nahodha upepo ukifika nguvu gani safari inaahirishwa, na kama arubuni inarudishwa au inahamishiwa siku nyingine. Uliza pia leseni, majaketi ya kuokolea ya kutosha watu wote, na redio ya mawasiliano ya baharini (VHF) inayosikika chaneli 16, ile ya kuombea msaada. Nahodha anayekereka kwa maswali haya si wa kukodi.

2. Funga waya usiku wa kuamkia safari

Meno ya nguru hukata nailoni kama wembe, na yeye hupenda kukata mkia wa chambo kwanza kisha kurudi kula kilichobaki. Ndiyo maana ndoana ni mbili.

Chukua waya mmoja wa chuma (si wa kusukwa) wenye unene wa milimita 0.35 hadi 0.40, urefu wa sentimita 50. Upande mmoja funga swiveli (kiungo cha chuma kinachozunguka ili mshipi usijisokote) ndogo nyeusi, upande wa pili ndoana moja imara. Kwenye tundu la ndoana hiyo unganisha waya mwingine wa sentimita 10 hadi 15, mwishoni uweke ndoana ndogo yenye ncha tatu. Swiveli inayong'aa ni kosa: nguru mwingine huidhania samaki mdogo, akaiuma, na mshipi ukakatika juu ya waya.

Fundo la waya ndipo wengi wanapoharibu. Pitisha ncha ya waya kwenye tundu, kisha sokota ncha hiyo na waya wenyewe pamoja, kila upande ukizunguka mwingine, mizunguko sita au saba iliyo wazi. Kisha zungusha ncha peke yake mara tano, ikibana kwa ukaribu. Ukizungusha ncha tu juu ya waya ulionyooka tangu mwanzo, fundo litateleza samaki akivuta. Ncha iliyobaki usiikate kwa koleo. Ipinde iwe kama mkono wa kuzungushia, uizungushe mpaka ikatike yenyewe. Koleo huacha kichomo kinachopasua vidole. Na waya ukishapinda kona kali, tupa.

Mshipi mkuu uwe nailoni inayohimili kilo 9, mita 300 kwenye rili (gurudumu la kukunjia mshipi). Mshipi wa kusuka hauna mvutiko, na mdomo wa nguru huchanika upesi.

3. Chambo

Vibua na dagaa wakubwa hukamatwa alfajiri kwa mshipi wa ndoana ndogo nyingi. Usiwashike kwa mkono mkavu: magamba yakitoka, hawaishi. Tangi liwe la mviringo, maji ya bahari yakipita muda wote, lisijazwe kupita kiasi. Chambo wanaopanda juu kutweta wanakosa hewa. Ndoana ya mbele ipite puani, ya nyuma ikae huru au ishike ngozi kidogo mgongoni.

4. Kokota polepole

Tafuta ukingo ambapo rangi ya maji inabadilika, ndege wanaorukia dagaa, au mwamba unaoshuka ghafla. Mwendo uwe noti (maili za bahari kwa saa) 1 hadi 2. Kama chambo kinazunguka au kinateleza juu ya maji, mwendo ni mkubwa: zima injini moja, au buruta ndoo nyuma ya boti.

Mshipi mmoja uwe mita 10 nyuma, mwingine 25, mwingine 40, na mmoja uzamishwe kwa chubwi hadi nusu ya kina. Siku ya maji baridi, huo wa chini ndio wa kutazama.

5. Samaki akishika

Breki ya rili iwe legevu, kilo 1.5 hadi 2. Usitikise fimbo kumchoma. Mwendo wake mwenyewe huzamisha ndoana. Mbio za kwanza zinaweza kumaliza mita 100, na hapo mgeni hukaza breki kwa hofu. Matokeo ni ndoana iliyorudi na kipande cha mdomo. Mwache, boti imfuate, kisha rudisha mshipi bila kuulegeza hata kidogo. Akikaribia atakimbia tena akiona boti, hivyo mwenye kulabu asikurupuke: amchome nyuma ya kichwa, mara moja.

6. Barafu mara moja

Mtoe damu, kisha mzamishe kwenye barafu sehemu mbili na maji ya bahari sehemu moja. Nguru akikaa juani hutengeneza histamini, kemikali inayomdhuru mlaji, na kupika hakuiondoi. Baridi ya hewa isikudanganye. Nguru wakubwa hubeba zebaki nyingi, hivyo mjamzito na watoto wadogo wapewe samaki wa aina nyingine.