Somo: Kipunguza volti cha LM2596, tafuta ubovu kabla ya kubadilisha chipu

Kipunguza volti kikigoma, mafundi wengi hukimbilia kubadilisha chipu. Chipu mpya nayo inaungua, na lawama zinakwenda kwa muuzaji. Mara nyingi ubovu uko pembeni yake: kwenye koili, dayodi au resista mbili ndogo. Nachukua LM2596 kwa kuwa imezagaa. Inapokea hadi volti 40, inatoa hadi ampea 3, na swichi yake ya ndani huwaka na kuzima mara 150,000 kwa sekunde. Mfano wetu: volti 12 zinaingia, tunataka volti 5 kwa ampea 2.

Hatua ya 1. Ondoa kifaa unachokilisha. Weka resista ya omu 5, wati 10. Itavuta ampea 1 na kuchemka sana, usiishike.

Hatua ya 2. Mzigo ukiwa umefungwa, pima volti zinazoingia kwenye miguu ya chipu yenyewe. Ukipimia kwenye chanzo hutaona kinachopotelea kwenye waya mwembamba.

Hatua ya 3. Mguu wa 5 ndio wa kuwasha na kuzima. Uwe umefungwa kwenye graundi; ukipewa volti, chipu inalala.

Hatua ya 4. Mguu wa 4, wa mrejesho, ambao chipu huutumia kupima volti zinazotoka. Hapa tusiharakishe, maana kipimo hiki kimoja kinafichua mengi. Kwa chipu ya kurekebishika, yaani ile ambayo volti zake hupangwa kwa resista mbili (ya juu kutoka kwenye volti zinazotoka hadi mguu huu, ya chini kutoka mguu huu hadi graundi), mguu huu unatakiwa kusoma volti 1.23. Ukisoma pungufu na volti zinazotoka nazo ziko chini, chipu inajitahidi lakini kuna kinachoikwamisha: mzigo mzito, koili au dayodi. Ukisoma 1.23 sawasawa lakini zinazotoka si 5, thamani za resista ndizo zenye kosa. Resista ya juu ikikatika, volti zinazotoka hupanda karibu na zile zinazoingia, ndiyo sababu ya hatua ya 1. Ya chini ikikatika, hushuka karibu na 1.23.

Hatua ya 5. Koili. Kupata ukubwa wake, zidisha volti zinazotoka kwa tofauti ya zinazoingia na zinazotoka: 5 × 7 = 35. Gawanya kwa 12 × 150,000 × 0.6, ambapo 0.6 ni ampea za mawimbi (kupanda na kushuka kwa mkondo wa koili) tunayoyaruhusu, yaani asilimia 30 ya mzigo. Unapata kama mikrohenri 32, chukua ya 33. Mkondo wa kilele ni ampea 2.3, kwa hiyo koili isishibe sumaku chini ya ampea 3. Ikishiba, mkondo hupanda ghafla na chipu ndiyo inayoumia.

Hatua ya 6. Dayodi iwe ya Schottky, aina ya dayodi yenye kasi, mfano 1N5822. Usiweke 1N4007, ni nzito mno kwa kasi hii.

Ukisanifu bodi yako, kapasita ya kuingilia, chipu na dayodi vikae karibu kabisa. Njia ya mrejesho ipite mbali na koili. Mimi hupanga hivi kwanza, mengine yanafuata.

MASWALI

Mwalimu, nimeweka kapasita ya seramiki pekee upande wa kutokea, volti zinayumba. Kwa nini?
Seramiki ina ukinzani mdogo mno wa ndani, na LM2596 inahitaji kiasi fulani ili itulie. Rudisha ya elektrolaiti ya mikrofaradi 220, aina ya ukinzani mdogo. Ya seramiki ibaki sambamba nayo ikiwa ndogo.

Koili yangu inalia mzigo ukiwa mwepesi. Nibadilishe?
Hapana, kama volti zimetulia. Chipu inaruka baadhi ya mapigo na sauti inasikika. Ikilia kwenye mzigo mzito, rudi hatua ya 4.

Osiloskopu inaonyesha miiba mirefu kwenye volti 5. Ni ubovu?
Ondoa kwanza ule waya mrefu wa graundi wa kipimio, unanasa kelele ya swichi. Tumia springi fupi ya graundi, upime juu ya kapasita ya kutokea. Miiba ikibaki, kagua umbali kati ya kapasita ya kuingilia na mguu wa 1, ambako volti zinaingia.