Jinsi ya Kuandika Programu Isiyoharibika Kazi Inapokatikia Njiani

Mtengenezaji wa programu anayefanya kazi Kampala, Gulu au Mbarara anajua kuwa umeme hukatika, mtandao huyumba, na simu ya mteja huzimika kabla muamala haujakamilika. Hata hivyo, wengi wetu tulijifunza kazi hii kutoka kwa watu ambao kwao mambo hayo ni ajali ya nadra, na kwa sababu hiyo tunaandika msimbo (maagizo yanayoiendesha programu) unaodhani kuwa kila hatua iliyoanza itamalizika. Kabla ya kuandika kipengele chochote, jiulize: kazi hii ikikatikia hapa, nini kitakuwa kimebaki, na atakayeikuta ataiendelezaje? Mazoea ninayoyaeleza hapa yote yanatokana na swali hilo.

Nianze na malipo, kwa kuwa hapo ndipo kosa letu linapomuumiza mtu moja kwa moja. Programu nyingi zinazotengenezwa Uganda, ziwe za SACCO, za karo za shule au za maduka, hupokea fedha kwa simu: programu hutuma ombi kwa kampuni ya simu, mteja huandika namba yake ya siri, kisha jibu hurudi. Mtandao ukikatika baada ya ombi kufika lakini kabla ya jibu kurudi, programu yako haijui kama fedha zimekatwa au la, na kosa lililozoeleka ni kukichukulia kimya hicho kuwa ni kushindwa, kisha kutuma ombi jipya. Niliwahi kuandika programu ya namna hiyo kwa ajili ya chama kimoja cha akiba na mikopo, na mama mmoja mwanachama akakatwa mchango wake mara mbili katika wiki aliyokuwa akizihitaji fedha hizo kwa karo ya mtoto. Alirudishiwa, lakini ilichukua miezi kabla wanachama hawajauamini tena mfumo ule, nao walikuwa na haki.

Dawa yake ni kutengeneza namba ya kumbukumbu ya kipekee kwa kila malipo ambayo mteja amekusudia, kuihifadhi kwenye hifadhidata kabla ya kutuma chochote, na kuitumia namba hiyohiyo kila unapolazimika kurudia. Mfumo ambao MTN MoMo, huduma ya malipo kwa simu ya kampuni ya MTN, imewafungulia watengenezaji wa programu umejengwa kwa utaratibu huo: ombi la kumtoza mteja hubeba namba ya kumbukumbu unayoitengeneza wewe mwenyewe, na jibu la kwanza, yaani namba ya jibu 202, linasema tu kwamba ombi limepokelewa, halisemi kwamba fedha zimelipwa. Hali ya muamala huna budi kuiuliza baadaye kwa namba ileile, na unaweza kuikuta bado inasubiri, imefanikiwa au imeshindwa. Kwa hiyo jedwali lako la miamala linahitaji hali tatu badala ya mbili, na hiyo ya kusubiri ndiyo inayostahili kufikiriwa kuliko zote.

Mteja ambaye muamala wake unasubiri aandikiwe waziwazi kwamba malipo yake yanathibitishwa na kwamba asilipe tena, badala ya kuachwa akitazama alama inayozunguka bila mwisho, maana akichoka kuitazama atabonyeza kitufe mara ya pili. Andika pia kazi ndogo inayopita kila baada ya dakika chache na kuulizia miamala yote iliyobaki njiani, kwa sababu taarifa inayotumwa na kampuni ya simu yenyewe inaweza kufika wakati seva yako imezimika. Taarifa hiyohiyo inaweza pia kufika mara mbili. Kabla ya kuongeza salio la mwanachama, hakikisha kuwa muamala wenye namba hiyo haujahesabiwa, na badiliko la hali liandikwe pamoja na badiliko la salio ndani ya muamala mmoja wa hifadhidata, ili moja lisiweze kubaki bila jingine. Ukimaliza, zima intaneti kwa makusudi katikati ya malipo ya majaribio, kisha zima seva, kisha uyafanye yote mawili tena kwa mpangilio mwingine. Jaribio la malipo lililofanywa kwenye mtandao mzuri wa ofisini pekee halijathibitisha jambo kubwa.

Tarakimu nazo zina mahali zinapokatikia. Shilingi ya Uganda haina senti zinazotumika, na kiwango cha kimataifa cha sarafu, ISO 4217, hakiipi tarakimu yoyote baada ya nukta, tofauti na shilingi za Kenya na Tanzania ambazo zimepewa mbili. Anayenakili msimbo wa Nairobi bila kulitazama jambo hili anaweza kuzidisha au kugawa kwa mia bila kujua. Hifadhi fedha kama namba kamili, kwani namba za desimali za kompyuta hujumlisha 0.1 na 0.2 zikatoa 0.30000000000000004. Namba kamili ya biti 32, yaani inayohifadhiwa kwa nafasi 32 za 0 au 1, nayo huishia 2,147,483,647. Katika sarafu yenye thamani kubwa ukingo huo uko mbali, ila kwa shilingi zetu ni kama bilioni 2.1, kiasi ambacho akiba ya SACCO kubwa inaweza kukipita, kwa hiyo tumia biti 64 tangu siku ya kwanza.

Siku pia hukatwa mahali fulani. Uganda iko saa tatu mbele ya UTC, saa ya marejeo ya kimataifa ambayo seva nyingi huifuata, na ripoti inayofungwa saa sita usiku ya seva hufungwa saa tisa usiku ya Kampala. Muamala wa saa saba usiku utaingia katika hesabu ya jana. Hifadhi nyakati kwa UTC, lakini ikate siku kwa saa ya Kampala. Unapozionyesha, kumbuka kuwa anayesema saa mbili asubuhi, kwa Kiswahili au kwa Kiluganda, anakusudia 08:00, hivyo "2:00" isiyo na neno la kuifafanua itampoteza.

Kuhusu msimbo wenyewe, hifadhi hatua ndogo ndogo, kila moja ikiwa na ujumbe unaoeleza sababu ya badiliko. Git, programu ya kutunza historia ya mabadiliko ya msimbo ambayo Linus Torvalds aliianzisha mwaka 2005, huweka historia nzima kwenye kompyuta yako, kwa hiyo huhitaji intaneti ili kuhifadhi kazi. Pakua pia nyaraka za lugha na maktaba unazozitumia. Januari 2021, intaneti ilipozimwa nchi nzima kwa siku kadhaa wakati wa uchaguzi mkuu, aliyekuwa na vitu hivyo kwenye diski yake angeweza kuendelea na kazi.

Nakala rudufu ambayo haijawahi kurejeshwa usiihesabu kuwa nakala. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wa GitLab, kampuni inayowatunzia watu msimbo mtandaoni, alifuta data kwenye seva isiyo sahihi, na kampuni ilipozigeukia njia zake tano za kuhifadhi nakala ikakuta kuwa hazikuwa zikifanya kazi ipasavyo. Ilipoteza data ya muda wa takriban saa 6, na ikalieleza jambo hilo hadharani, uungwana ambao ninauheshimu. Chagua siku moja kila mwezi, rejesha nakala kwenye kompyuta nyingine, kisha linganisha idadi ya wanachama na jumla ya salio. Usiirejeshe, hata hivyo, kwenye kompyuta ya kila anayepita ofisini: Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inazihusu taarifa hizo, na namba za vitambulisho vya taifa za watu halisi hazina nafasi katika data ya majaribio.

Kinachobaki ni kukatika kwa mtu. Mwenzako hupata kazi kwingine, huugua, au huenda kijijini kwa msiba wiki mbili, na maarifa yake huondoka naye. Weka ndani ya hazina ya msimbo, yaani folda inayotunzwa na Git, faili moja inayoeleza jinsi ya kuisakinisha na kuiwasha programu kwenye kompyuta mpya, mahali nakala zilipo, nani anatunza nywila za seva, na la kufanya malipo yanapokwama. Kisha mpe faili hiyo mtu ambaye hajawahi kuigusa programu, umwombe aiwashe bila msaada wako, ukae karibu naye bila kusema neno. Kila mahali atakapokwama, andika sentensi inayokosekana, na mpe mtu mwingine wiki inayofuata.