Jinsi ya kumlipia mwenye nyumba ushuru wa kodi ya nyumba wa kila mwezi

Ukiwa ajenti wa nyumba, kwanza hakikisha unashughulikia ushuru unaomhusu mwenye nyumba. Huu wa kila mwezi ni wa mkazi wa Kenya anayepangisha nyumba za kuishi na kupata kodi ya kati ya Sh288,000 na Sh15 milioni kwa mwaka. Maduka yaliyo chini ya ghorofa hayamo. Kodi ya maduka hayo huingia kwenye ritani ya mwaka.

Ingia iTax, tovuti ya mamlaka ya mapato (KRA), kwa PIN ya mwenye nyumba, si ya ofisi yako. Ukitumia ya ofisi, malipo yatahesabiwa kuwa yako na deni lake litabaki palepale. Kama ushuru huu haumo kwenye PIN yake, uongeze kwanza kwa kurekebisha taarifa za usajili.

Hesabu ndiyo huwaponza maajenti wengi. Tangu Januari 2024 ushuru ni asilimia 7.5 ya kodi yote iliyoingia, kabla ya kutoa chochote. Chukua ploti ya Kayole yenye nyumba 12 za Sh12,000. Kodi ni Sh144,000, ushuru Sh10,800. Ajenti anakata kamisheni yake ya asilimia 8, anamtumia mwenye nyumba Sh132,480, halafu anapiga hesabu ya ushuru kwa hizo alizotuma: Sh9,936. Kila mwezi Sh864 zinageuka deni, na riba yake ni asilimia 1 kwa mwezi, mbali na faini. Mshahara wa mlinzi, fundi wa bomba, mkopo wa benki, vyote havitolewi. Kwenye daftari tenga safu ya kodi iliyoingia na safu ya pesa zilizotumwa, kisha ujaze ritani kwa ile ya kwanza.

Ritani ya Septemba mwisho wake ni tarehe 20 Oktoba. Kuiwasilisha si kulipa: toa nambari ya malipo, yaani PRN, kisha lipa kwa M-Pesa, Paybill 222222, akaunti iwe hiyo PRN. Zikizidi Sh250,000, ambazo ndizo kikomo cha M-Pesa kwa muamala mmoja, peleka hati ya malipo benki. Nyumba zikikaa tupu mwezi mzima, bado wasilisha ritani ya sufuri.

Ikiwa KRA imekuteua rasmi kuwa wakala wa kukata ushuru huu, utaratibu ni mwingine: unaukata mwenyewe na kuuwasilisha ndani ya siku 5 za kazi, usingoje tarehe 20.