Namna ya kuamuru programu za Linux na D-Bus, paka na terminale

Kama uko na Linux ku ordinatere yako, basi uko tayari na kintu kimoja chenye batu wengi hawagusake hata siku moja, kinaitwa D-Bus. Njo njia yenye programu zinapitishaka mesaji kati yao: batri inakaribia kuisha, eee wewe wa ekrani onyesha alama, mutu amechomeka USB, eee wewe wa mafishie fungua. Mesaji zinapita usiku na mchana na hauzione. Lakini hata wewe unaweza kutuma yako kutoka terminale (dirisha ya kuandika komande), na programu itatii, bila kuinstale kintu chochote.

Naandika hii zaidi juu ya wale wenye kuchunga salon, biro ya fotokopi ama nganda (baa) mu komini ya Kenya ao Katuba, hapa Lubumbashi, kwenye VLC (programu ya kucheza muziki na video) inaimba toka asubuhi paka magaribi na delestaji (kukatwa kwa umeme) inakuja saa yenye inataka. Ordinatere iko ku kona, wewe uko na kliya, kwenda kila saa kubonyeza kabutoni inachokesha.

Kwanza ujue kama D-Bus ziko mbili. Moja ni ya sesio, yako wewe mwenye umeingia na jina lako, pale njo VLC, Firefox na madirisha yote zinaongea. Ingine ni ya sistema, ya mashini nzima, pale njo kuko batri, rezo, kuzima na kulalisha. Batu wengi wanakwama hapa tu, wanatafuta VLC ku sistema, wanasema haiko, kumbe iko ku mulango ingine.

Fungua VLC, weka wimbo, kiisha uandike na busctl, komande ya kuongea na D-Bus:

busctl --user list | grep mpris

Iyo --user maana yake sesio. Ukiitosha unaangukia ku sistema. Itatoka kintu sawa org.mpris.MediaPlayer2.vlc. MPRIS ni makubaliano ya programu za muziki na video, kila moja inatangaza butoni zake na majina ya namna moja, njo maana komande ya VLC inafanya kazi hata ku Rhythmbox, unabadilisha tu jina ya mwisho. Firefox na Chromium nazo zinatokea humo wakati ziko zinacheza video, lakini zinabebaka mukia wa namba wenye kubadilika kila ukifungua upya, kwa hiyo usikariri ile jina, iombe kila mara na list.

Sasa mbele ya kukopi komande yoyote ku intaneti, uliza programu yenyewe inajua kufanya nini. Hii njo naona ni ya maana kupita zingine zote, na njo yenye batu wanaruka:

busctl --user introspect org.mpris.MediaPlayer2.vlc /org/mpris/MediaPlayer2

Utapata liste ndefu. Kwenye imeandikwa method ni kazi yenye unaweza kuagiza: Play, Pause, PlayPause, Next, Previous, Stop, Seek, na Quit ya kufunga. Kwenye imeandikwa property ni hali, unaweza kuisoma, na kama pembeni kuko neno writable unaweza hata kuibadilisha. Signal ni zile programu inatangaza yenyewe bila kuulizwa. Mutu mwenye anajua kusoma hii liste hana tena lazima ya kuomba komande kwa mutu.

Kuagiza sasa:

busctl --user call org.mpris.MediaPlayer2.vlc /org/mpris/MediaPlayer2 org.mpris.MediaPlayer2.Player PlayPause

Najua, ni ndefu sana, inaogopesha. Isome sawa adrese ya mutu wa hapa: komini, avenue, namba ya parsele, kiisha jina ya ule unatafuta mu parsele. Ya kwanza ni programu, ya pili yenye kuanza na mukwaju ni obje ndani yake, ya tatu ni interfasi maana yake kundi la kazi, ya ine ni kazi yenyewe. Ukikosa moja mesaji hairudi na jibu nzuri, inarudi na erere, na ile erere inasemaka wazi ni wapi umekosea, isome mbele ya kuomba musaada.

Kazi zingine zinaomba kintu cha kuongeza. Hapo busctl inataka herufi ya aina mbele ya kintu: s ni maandishi, b ni ndiyo ao hapana, i ni namba nzima, x ni namba nzima kubwa, d ni namba yenye desimale. Seek inapokea x, na kipimo chake ni mikrosekonde, basi kuruka sekonde 10 mbele ni:

busctl --user call org.mpris.MediaPlayer2.vlc /org/mpris/MediaPlayer2 org.mpris.MediaPlayer2.Player Seek x 10000000

Kurudi nyuma unaweka namba yenye alama ya kutosha mbele (-), lakini weka kwanza -- mara tu kiisha busctl --user, juu bila ile busctl inawaza kama -10000000 ni opsio yake. Kupunguza sauti ni hali, si kazi, kwa hiyo:

busctl --user set-property org.mpris.MediaPlayer2.vlc /org/mpris/MediaPlayer2 org.mpris.MediaPlayer2.Player Volume d 0.4

Kuko mashini zisizo na systemd (programu yenye kuanzisha na kuchunga sistema, njo inaleta busctl), pale busctl hakuna. Tumia dbus-send, yenye inakuja na D-Bus yenyewe:

dbus-send --session --print-reply --dest=org.mpris.MediaPlayer2.vlc /org/mpris/MediaPlayer2 org.mpris.MediaPlayer2.Player.PlayPause

Angalia vizuri, hapa interfasi na kazi zinaungana na nukta, na bila --print-reply inanyamaza hata kama imekosa. Kuko tena gdbus ya batu wa GNOME na qdbus ya batu wa KDE, sura mbili za ekrani ya Linux (bale wazee wa KDE wanakumbuka DCOP, njia yao ya zamani ya mesaji, yenye D-Bus ilikamata nafasi yake mu KDE 4 mwaka 2008). Mi napendelea busctl juu ya introspect yake, inasomeka.

Tuje ku delestaji. Hali ya umeme iko ku sistema, programu UPower njo inaichunga, kwa hiyo hapa hakuna --user:

busctl get-property org.freedesktop.UPower /org/freedesktop/UPower org.freedesktop.UPower OnBattery

Ikijibu b true, laptop iko inakula batri. Sasa unganisha na VLC mu kaskripti kadogo:

#!/bin/sh
export DBUS_SESSION_BUS_ADDRESS=unix:path=/run/user/$(id -u)/bus
h=$(busctl get-property org.freedesktop.UPower /org/freedesktop/UPower org.freedesktop.UPower OnBattery)
if [ "$h" = "b true" ]; then
  busctl --user call org.mpris.MediaPlayer2.vlc /org/mpris/MediaPlayer2 org.mpris.MediaPlayer2.Player Pause
fi

Iweke mu cron yako (programu yenye kuendesha komande yenyewe kwa saa yenye umepanga) ikimbie kila dakika. Ule mustari wa export ni wa lazima, juu cron haijue sesio yako iko wapi, na bila ule skripti inafanya kazi vizuri ku terminale kiisha mu cron inakufa kimya. Na uone nimeandika Pause, si PlayPause. PlayPause inageuza: dakika ya kwanza inasimamisha, dakika ya pili inaanzisha tena, kliya atawaza nganda iko na mapepo. Pause ukiituma mara mia, wimbo unabakia umesimama.

Usitie sudo (yenye kuendesha komande kwa jina ya root, mukubwa wa mashini) mbele ya komande za --user. Root hana VLC yako mu sesio yake, atakujibu tu na erere.

Kulalisha mashini yote ni hii:

busctl call org.freedesktop.login1 /org/freedesktop/login1 org.freedesktop.login1.Manager Suspend b true

Ukiwa umekaa mbele ya ekrani inakubali. Kutoka cron yako inaweza kukatala, juu sistema inataka ruhusa na hakuna mutu wa kuandika mo de pasi, basi iyo uiweke mu cron ya root, mbali na ile ya VLC. Asilimia ya batri unaisoma namna hii:

busctl get-property org.freedesktop.UPower /org/freedesktop/UPower/devices/DisplayDevice org.freedesktop.UPower.Device Percentage

Ila usilalishe juu ya asilimia peke yake. Angalia pia OnBattery, shi umeme ukirudi na batri iko bado ku 8, kila ukiiamsha itarudi kulala dakika yenye kufuata, na wewe utalaumu chajeri.