Kutengeneza na Kutumia Chumvi ya Trifluoroborati katika Maabara ya Mwanza

Anayetaka kuunganisha pete mbili za benzini kwa mmenyuko wa Suzuki na Miyaura, uliotangazwa mwaka 1979 na kumpatia Akira Suzuki sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2010, kwa kawaida huanza na asidi ya boroniki, yaani kiwanja chenye boroni iliyoshikamana na kaboni. Asidi hizo zina tabia ya kusumbua: molekuli tatu hupoteza maji na kushikana kuwa pete ya boroksini, kisha unyevu huzirudisha zilivyokuwa, hivyo unga uliomo chupani huwa mchanganyiko usiojulikana una moli ngapi hata ukiupima kwa mizani nzuri kiasi gani. Hapa kando ya ziwa, ambako hewa ina unyevu na kitendanishi kilichoagizwa nje huweza kukaa rafuni muda mrefu, napendelea kuigeuza asidi mara inapofika iwe chumvi ya potasiamu, yaani trifluoroborati, ambamo boroni imeshika fluorini tatu. Chumvi hiyo ni fuwele imara zisizodhuriwa na hewa, na uzito wake wa moli haubadiliki.

Hatua ya kwanza: chagua njia ya fluorini

Njia iliyoenezwa na Vedejs mwaka 1995 hutumia potasiamu haidrojeni difluoridi. Inafanya kazi vizuri, lakini hula vyombo vya kioo na hubeba hatari ya asidi ya hidrofluoriki. Mwaka 2012 Lennox na Lloyd-Jones walionyesha kwamba potasiamu floridi ya kawaida pamoja na asidi ya tatariki, ile ile inayoupa ukwaju ukali wake, hutosha, na chombo cha kioo hubaki salama. Kwa maabara isiyo na vyombo vingi vya akiba, sioni sababu ya kuchagua njia ya zamani. Hata hivyo floridi ni sumu: vaa glovu na miwani, fanya kazi ndani ya kabati lenye feni ya kufyonza mvuke, na weka karibu jeli ya kalsiamu glukonati, ya kupaka ngozi ikiguswa na floridi.

Hatua ya pili: tengeneza chumvi

Yeyusha gramu 1.22 za asidi ya fenilboroniki (milimoli 10) katika mililita 40 za asetonitrili. Yeyusha gramu 2.32 za potasiamu floridi katika mililita 4 za maji, kisha mimina humo huku sumaku ikikoroga kwa kasi. Pembeni, pasha moto kidogo gramu 3.08 za asidi ya tatariki katika mililita 15 za tetrahidrofurani hadi ziyeyuke, na uzidondoshe kwenye mchanganyiko wa kwanza tone kwa tone kwa muda wa dakika tano hivi. Mashapo meupe yatatokea karibu papo hapo.

Mashapo hayo si chumvi unayoitafuta, na hapa ndipo wanafunzi wengi hutupa kisichotupwa. Ni potasiamu bitatarati, na kutoka kwake kwenye mmumunyo ndiko kunakousukuma mmenyuko mbele: kwa kila moli ya asidi ya boroniki, moli mbili za potasiamu huondoka na tatarati, moja hubaki katika chumvi, na fluorini tatu hujishikiza kwenye boroni. Chumvi yako imo katika kimiminika. Chuja, suuza mashapo kwa asetonitrili, kisha vukiza kimiminika chini ya kanieneo ndogo. Mavuno kamili yangekuwa gramu 1.84. Ikiwa haijatakata, iyeyushe katika asetoni ya moto na uongeze etha ili itoke kama mashapo. Usiipitishe kwenye silika, kwa sababu huko huvunjika.

Hatua ya tatu: itumie

Weka miligramu 199 za 4-bromoasetofenoni, miligramu 193 za chumvi, miligramu 415 za potasiamu kaboneti na miligramu 2.2 za paladiamu asetati, ambayo ni kichocheo, katika mililita chache za methanoli. Molander na Biolatto walionyesha mwaka 2002 kwamba mmenyuko wa aina hii hauhitaji ligandi (molekuli ya ziada ya kuishika paladiamu) wala kuondoa hewa. Chemsha chini ya kipozeo kwa saa mbili hivi, mbali na moto wa wazi. Ziwa Victoria liko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo methanoli itachemka kwenye nyuzi 61 hivi badala ya karibu 65 zilizoandikwa vitabuni. Ongeza muda, usiongeze moto. Kwa kromatografia ya tabaka jembamba la silika, fuatilia kutoweka kwa bromidi (4-bromoasetofenoni), wala si kutoweka kwa chumvi. Kisha mimina majini, chukua zao kwa etili asetati, livukize na ulitengenezee fuwele upya. Zao hilo, 4-asetilbifenili, huyeyuka karibu na nyuzi 120.

Hatua ya nne: shughulikia mabaki

Maji ya mmenyuko yamebeba floridi, na mifereji ya jiji huishia Mto Mirongo na hatimaye ziwani, kwa hiyo yasimwagwe kwenye sinki. Ongeza chokaa iliyozimwa kwa wingi, kwa kuwa kaboneti nayo itachukua sehemu yake, hadi kalsiamu floridi itue chini. Hifadhi mashapo hayo kama taka hatarishi, weka viyeyushi katika chupa yake, na kusanya mabaki meusi ya paladiamu kando, maana bei yake hairuhusu yatupwe.