Senti ya 1804 iliyopigwa upya: anza na upande wa nyuma

Ukikuta senti kubwa ya Marekani ya 1804 katika fungu la sarafu ulilotumiwa Kisumu, igeuze kabla ya kushangilia mwaka. Kiwanda cha sarafu cha Philadelphia kiliuza chapa zake kuukuu, yaani vyuma vya kupigia sarafu, kama chuma chakavu, na katikati ya karne ya 19 watu binafsi wakapigia sarafu tena. Jozi kamili hawakuwa nayo. Walioanisha walichopata, na hapo ndipo sarafu hujiumbua.

Mbele ya senti hiyo iliyopigwa upya ni chapa ya 1803 iliyochongwa upya mwaka, nyuma ni ya 1820. Halisi ina 1/100 chini ya shada. Iliyopigwa upya haina. Nusu senti ya 1811 ni kinyume chake: halisi haina kitu hapo, ila iliyopigwa upya ina 1/200, kwa kuwa nyuma yake ni ya 1802.

Ukiiona 1/100, bado usitulie, maana wapo waliochonga 4 juu ya 3 ya senti halali ya 1803. Kwenye 1804 halisi, 0 ya mwaka imekaa mgongo kwa mgongo na O ya neno OF la upande wa nyuma.

Sasa chukua lenzi ya sonara ya 10x na tochi ya simu, umulike kwa ubavu. Chapa iliyoshika kutu huacha vinundu vilivyoinuka juu ya sarafu. Sarafu iliyoliwa na kutu yenyewe huwa na vishimo. Tofauti hii inafaa kuizoeza macho.

Kwa bandia za siku hizi, sumaku ya spika mbovu kutoka soko la Kibuye hunasa zenye chuma ndani. Kisha weka glasi ya maji kwenye mizani ya gramu 0.01, uirudishe sifuri, uning'inize sarafu kwa uzi ndani ya maji. Senti ya gramu 10.89 ikisoma takriban 1.22, ni shaba. Ikigusa chini ya glasi, au ikibeba viputo, namba hupanda na hesabu huharibika. Kipimo hiki hutaja madini tu, aliyepiga hakimjui.

Ikaushe kwa kuigandamiza kitambaani. Usiisugue kwa ndimu wala majivu: iliyopigwa upya nayo ina wanunuzi wake, na shaba iliyosuguliwa hushuka bei. Kwenye bahasha andika miaka ya chapa zote mbili.